Si kichaa, ni joto!

Joto tu. Dar es Salaam ikishafika Januari, Februari, hakukaliki bwana. Lakini wewe una feni, unaoga mara tatu, jioni unakwenda kupunga upepo Coco Beach. Je, mbwa wako aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba?

Mtaani kwetu mwaka jana kulitokea kimbembe. Saa 8 mchana mbwa mmoja, Bosi, alitoka mbio uani kwao, mate yanamtoka povu, anayumba kama katoka kilabuni. Watoto wakapiga kelele: kichaa! Watu mawe mkononi. Na mimi nilishaokota langu, sifichi. Ikabidi mwenyewe aje mbio, kashika taulo tu kiunoni: "Jamani msimpige! Hajanywa maji tangu asubuhi!"

Kumbe banda lake ni bati juu, bati ubavuni. Hilo si banda, ni tanuri. Na mbwa hatoki jasho kama sisi. Kajasho kake kako kwenye nyayo tu, kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema, ulimi nje. Joto la mwili wake kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41, uhai uko mashakani.

Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya bomba mwili mzima huku tunampepea kwa kipande cha boksi, halafu bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Maji ya kunywa mnyama aliyezidiwa hivyo usimlazimishe, yatampalia. (Ila mbwa usiyemjua, au aliyeanza kung'ata watu, kaa naye mbali. Kichaa chenyewe kipo na kinaua.)

Wenye magari nanyi, ile "nangoja dakika 10 tu dukani" acheni. Dakika 10 juani, ndani ya gari joto linaweza kupanda nyuzi 10 zaidi, hata ukiacha kioo wazi kidogo. Matembezi yawe saa 12 asubuhi. Lami ya mchana ikanyage wewe peku kwanza uone. Sungura ndio hawawezi joto kabisa, banda lao liwe kivulini siku nzima. Paka? Huyo atajitafutia sakafu ya baridi mwenyewe, muachie maji tu.

Bosi siku hizi analala chini ya mwarobaini, ndoo ya maji pembeni. Mimi nikipita, bado ananikata jicho.