"Umemvisha viatu au umemtia pingu?"

Wiki hii uso haujakaa sawa, maana yaliyonikuta Jumapili ni makubwa. Nakusimulia bila kuficha. Wewe cheka, lakini ukimaliza kucheka nenda kaangalie miguu ya mwanao.

Mkasa wenyewe uko hivi. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minne, ndiyo kwanza anatembea, tena ule mwendo wa mlevi wa mwisho wa mwezi. Jumapili ilikuwa siku ya kumpeleka Tandika kwa wazazi wa mama yake. Sasa mimi pale mambo ya mahari bado sijayamaliza, unanielewa? Nikasema lazima mtoto apendeze, watu waone kwamba baba yake si kapuku kama wanavyodhani.

Jumamosi jioni, malipo ya makala mfukoni, nikazama Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mtoto nimemwacha nyumbani, kipimo sina, kichwani nakumbuka tu kwamba mguu wake ni mdogo mdogo hivi. Nikaona viatu vyekundu vinang'aa, vina ua mbele, vimechongoka kama vya bi harusi, na vikikanyagwa vinalia chwii, chwii. Nikakolea hapo hapo. Machinga akaniuliza umri wa mtoto, akapima kwa macho, akanipa namba 19. "Hii ndiyo yenyewe kaka, itamkaa kama kazaliwa nayo." Shilingi 15,000 zikaondoka.

Asubuhi kumvisha ikawa kasheshe. Mtoto analia, anakunja vidole. Mama yake akaniuliza, "Hivi si vidogo hivi?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Kipya lazima kibane, kitaachia." Tukasukuma mpaka vikaingia. Kutoka Manzese mpaka Tandika ni kilio, na mimi nagawa biskuti tu.

Tulipofika watu wote wakashangilia, "He, mrembo huyo!" Nikavimba kichwa. Mtoto akapiga chwii tatu, akakaa chini, akagoma kunyanyuka. Nikasema anadeka. Mama mkwe hakusema kitu. Alimvuta mjukuu wake kwenye mkeka, akafungua vile viatu. Jamani! Vidole vimejikunja, vyekundu kama nyanya, na kisigino kimetoka lengelenge kubwa kama punje ya haragwe.

"Baba," akaniambia taratibu, na ule utaratibu ndio ulionimaliza, "huyu umemvisha viatu au umemtia pingu?"

Ndugu yangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto mwenyewe hajui kusema "baba, kinanibana." Alichoweza ni kulia, na kilio chake mimi nikakiziba kwa biskuti.

Mama mkwe hakunigombeza. Alichomoa chelewa moja kwenye ufagio, akamsimamisha mtoto wima, akapima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Akaongeza upana wa kidole gumba, ndipo akaikata. Akanipa. "Kesho ukienda dukani, hii ndiyo miguu ya mwanao."

Baadaye nikajua kwa nini mguu mdogo hudanganya. Mifupa ya mtoto wa umri ule haijakomaa, sehemu kubwa bado ni gegedu laini. Ndiyo maana ukisukuma unaingia tu hata kwenye kiatu kidogo, lakini unaingia kwa kujikunja. Kwa hiyo kuingia si kuenea!

Basi msomaji, nikupe niliyojifunza kwa aibu yangu. Mpime mtoto akiwa amesimama, kwa sababu uzito wa mwili huutandaza mguu. Mpime jioni, maana kutwa nzima mguu huvimba kidogo. Pima miguu yote miwili, ununue kwa kufuata ule mkubwa. Namba usiiamini sana, 20 ya kiwanda hiki si 20 ya kile. Chelewa ndiyo haidanganyi. Itumbukize ndani ya kiatu, ilale bila kupinda. Kikunje kiatu kwa mkono: soli ikunjike mbele, pale vidole vinapokunjia. Mbele kiwe kipana, tena kiwe na mkanda au kamba ya kukishika mguu. Ukinunua mtumba, geuza uone soli; kama imelika upande mmoja, achana nacho, hicho kimeshazoea mguu wa mwingine.

Na ule ujanja wetu wa "chukua kikubwa, atakikulia" nao si ujanja. Kiatu kinachopwaya kinamwangusha mtoto. Heri umpime upya kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ndani ya nyumba mwache atembee peku, ndivyo mguu unavyojifunza kukamata sakafu. Nje ndiko kiatu kina kazi: chupa, misumari, mchanga wa moto, na minyoo ya safura inayoingilia kwenye ngozi ya unyayo.

Jumatatu nilirudi Kongo na chelewa yangu. Machinga alikataa kubadilisha. "Kiatu kimeshakanyaga chini, kaka." Ana haki yake. Nikajikamua tena, nikanunua namba 21, vya kahawia, havina ua, havilii chwii. Havina sifa hata kidogo. Lakini binti yangu alipovaa alisimama, akaniangalia, halafu akatimua mbio hadi mlangoni kwa jirani.

Mama mkwe kasema baada ya miezi mitatu nimpeleke tena akampime. Kasema pia siku hiyo nisije mikono mitupu, nije na posho ya wazee na habari kamili ya mahari. Naona sasa mimi ndiye ninayepimwa kwa chelewa!

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.