Kilima Hakipandwi kwa Injini

Katika karamu ya harusi iliyofanyika hapa Duluth, mji wa Minnesota uliojengwa kwenye mteremko mkali ushukao mpaka Ziwa Superior, nilimsikia bwana mmoja mwenye haiba na sauti, mtu wa kwetu pwani aliyekwisha kuonja kusi na kaskazi za nchi hii ya barafu, akimwusia kijana aliyenunua nyumba mtaa wa juu: "Mwanangu, dawa ya kilima ni injini. Trekta la nguvu za farasi 16 waachie watu wa bondeni. Wewe chukua la 24, ulifunge mashine ya kurusha theluji, ustarehe." Waliokuwapo wakaafiki kwa vichwa, na mimi, kwa kuchelea kuharibu shughuli ya watu, nikameza jawabu langu pamoja na biriani. Leo nalitema.

Itikadi hii, ambayo imeenea kila mahali penye theluji na miteremko, ni batili. Injini haishiki ardhi. Kishikacho ardhi ni tairi, nayo haishiki ila kwa uzito ulioilemea na kwa minyororo iliyovishwa. Nguvu za farasi zina kazi yake, nayo ni kuzungusha feni na kuitupa theluji mbali. Ama kupanda, hilo ni shauri jingine kabisa.

Tufanye hesabu, maana mwenye hesabu haghilibiwi. Chukua trekta dogo la bustani ambalo, pamoja na mashine yake na dereva, lina kilo 400, ulielekeze kwenye mteremko wa digrii 10. Ardhi italivuta nyuma kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Matrekta haya aghalabu husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Basi ikiwa nusu ya uzito imeyalalia hayo, yaani kilo 200, na mpira mtupu juu ya theluji iliyoshindiliwa hushika takriban sehemu 1 katika 5 ya uzito wake, utapata msukumo wa kilo 40. Arubaini kwa sabini! Tia farasi 24, tia 100, tia zizi zima la sultani: arubaini haitazidi, na kitakachozidi ni kasi ya gurudumu kuzunguka pale pale. Tena gurudumu moja likikosa kushika, difu isiyo na kufuli hulipa hilo hilo mzunguko wote, na mwenziwe akatulia kama mgeni mwalikwa.

Fauka ya hayo, mashine yenyewe imefungwa mbele, nje ya ekseli, hata kila ukiiinua uzito huhama kutoka nyuma kuja mbele, na magurudumu yanayotakiwa kufanya kazi ndiyo yanayopunguziwa mzigo. Na kuteremka ni balaa zaidi, kwani breki nazo ziko nyuma huko huko kulikopungukiwa. Nahodha gani wa jahazi angepakia shehena yote omoni, kisha akalalamika kuwa tanga ni dogo? Trekta linataka farumi: vyuma vya kilo 80 nyuma ya ekseli, na minyororo juu ya magurudumu mawili yanayosukuma, na hapo ushikaji hukaribia maradufu, msukumo ukapita kilo 110, ilhali mvuto wa kurudi nyuma, pamoja na mzigo mpya, haufiki 85. Kilima kimepandwa, na injini ni ile ile.

Arthur Sicard wa Quebec, aliyeunda mashine yake ya kurusha theluji mwaka 1925, hakuipachika juu ya kitu chepesi chenye makelele. Aliiweka juu ya gari la mizigo lisukumwalo na magurudumu yote 4. Lakini nani asomaye habari za Sicard, ilhali wenye maduka huandika idadi ya farasi kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa trekta, na minyororo wakaificha uchochoroni?

Wapo wanaonijibu: "Ami yangu analo la 24, na linapanda." Nimeuona ua wa ami mmoja wa namna hiyo. Ni tambarare tupu, na mwinuko pekee uliomo ni lile tuta la theluji ngumu ambalo madereva wa magari ya kusafisha theluji barabarani, katika miji mingi ya baridi, humsukumia mtu mlangoni mara tu amalizapo kusafisha. Hiyo ndiyo burhani yao!

Kwa hiyo kijana na anunue la farasi 16, na bakaa ya fedha ainunulie uzito. Tairi za nyuma azijaze maji ya chumvi ya kalsiamu, ambayo hayagandi upesi lakini hula chuma cha gurudumu, au sharubati ya kiazisukari, isiyokila. Maji matupu yataganda. Apande na kushuka wima, asikate mteremko kwa ubavu kamwe, kwani trekta lipindukalo halimuulizi mtu idadi ya farasi wake. Na mteremko ukipita digrii 15, ambao vitabu vingi vya maelekezo huukataza, ashike koleo, au amwajiri mwenye gari zito.

Na apendaye farasi wengi, akafuge.