Tufundishwe kufungua kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu kompyuta zinazogawiwa shule za vijijini, hasa huku kwetu Kibondo na Kasulu.

Mwaka jana shule yetu ilipewa kompyuta moja ya mezani iliyokwisha kutumika. Ilipofika Julai vumbi jekundu lilikuwa limejaa ndani, basi mwalimu mwenzangu na mimi tukaifungua tuisafishe. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nami nimevaa sweta la nailoni. Tuliilaza juu ya godoro la sponji isikwaruzike, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaifuta kwa kitambaa na kuiweka katika mfuko wa plastiki. Tulipoirudisha, kompyuta haikuwaka tena. Watu wakasema ni umeme wa kukatikakatika ndio ulioiua. La hasha, waya ulikuwa umechomolewa ukutani! Fundi mmoja wa Kasulu mjini aliweka kadi nyingine ikawaka, kisha akaniuliza siku ile nilivaa nini.

Ndugu Mhariri, niliona haya. Huo ni umeme tuli, ule ule ninaowaonyesha watoto darasani kwa kusugua rula kwenye nywele na kuokotea vipande vya karatasi.

Wakati wa mvua umeme huo huvuja polepole kwa sababu ya unyevu wa hewani. Lakini kiangazi huku milimani hewa ni kavu, nao hubaki mwilini. Anayevua sweta la nailoni usiku gizani husikia mlio na pengine kuona cheche. Mtu huanza kuihisi cheche hiyo umeme ukifika kama volti 3,000, lakini ziko chipu zinazoharibika hata chini ya volti 100. Yaani unaweza kuiua kompyuta usihisi kitu. Nyingine haifi siku hiyo, huumia tu, ikafa miezi kadhaa baadaye tukamlaumu mwingine.

Kinga yake si ghali. Chomoa waya wa umeme. Vua sweta, fanya kazi juu ya meza ya mbao, wala si juu ya sponji au plastiki. Gusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta kabla ya kushika kitu chochote ndani, na urudie kugusa mara kwa mara. Kadi ishikwe pembeni, isiguswe meno yake. Upo pia ukanda wa mkononi unaofungwa kwenye kasha hilo. Lakini mtu asijitengenezee kwa waya mtupu, kwani ule wa dukani una kizuizi ndani kinachomlinda mvaaji asiuawe na umeme wa ukutani. Na kile kisanduku cha kupokelea umeme kisifunguliwe kabisa, huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 hakuna anayethubutu kuvifungua, lakini kompyuta ya mezani kila mmoja wetu hujiona fundi. Ninawaomba wahusika wanaotugawia kompyuta hizi walete na ukanda huo pamoja na siku moja tu ya mafunzo, na vyuo vya ualimu viliingize jambo hili katika masomo ya vitendo. Yetu itafunguliwa tena Julai, vumbi halina likizo. Shati la pamba nimekwisha kuliweka tayari.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibondo, Kigoma.