Omba Ruhusa Kwanza

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu kupiga watu picha barabarani.

Siku ya Idd nilitembea sokoni hapa Merti na mama pamoja na wadogo zangu. Mfukoni nilikuwa na kamera ndogo ya mjomba, nimeitega ipige picha nyeusi na nyeupe. Picha hizo hulifaa jua letu kali: vivuli huwa vyeusi ti, na mikunjo ya uso huonekana yote.

Nikamwona ajuza akiuza maziwa. Nikapiga, chap! Akajifunika uso kwa mtandio. Mama akanigeukia: "Rudi ukamwombe akko msamaha." Nikarudi, nikamwonyesha picha, nikaifuta mbele yake.

Wenzangu husema eti ukiomba ruhusa picha huharibika, mtu hukauka kama wa kitambulisho. Ni kweli. Ile niliyoifuta ilishinda zote. Lakini uso ni wake, si wangu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha. Tena wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, picha za mizoga ya mifugo ya kaskazini zilienea duniani, nasi tukanung'unika kwamba tunaonyeshwa tukiwa taabani tu. Je, sasa tuwatendee wazee wetu vivyo hivyo? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Yule akko alitengeneza mtandio, akasema, "Sasa piga, na yangu uniletee." Amekauka kweli pichani, lakini nitampelekea.