Aliyeacha Dawa Tumtafute



Neno mtoro lina historia ndefu pwani ya Kenya. Katika karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao, wakaanzisha makazi yao wenyewe kama Fuladoyo, bara ya Malindi. Leo mtoro ni mtoto asiyefika shuleni, na huko kliniki ni mgonjwa wa kifua kikuu (TB) aliyekatiza dawa. Wote hao wana wanachokikimbia. Kabla ya kumlaumu mgonjwa, tumuulize ni kitu gani.

Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne iliyobaki. Wengi hupata nafuu mapema, kikohozi kikakatika, wakadhani wamepona. Kumbe vijidudu vingine vingali hai, na vikirudi huweza kuwa sugu. Wengine huachishwa na shida. Dawa ni bure katika vituo vya umma, lakini nauli si bure. Vidonge huchafua tumbo lililolala njaa. Mwajiri hatoi ruhusa. Majirani wanawasengenya.

Mwaka 2010, kule Kapsabet, wagonjwa walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama kwa sababu waliacha dawa. Ugonjwa unaoenea kwa hewa ukapelekwa palipojaa watu! Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2013, liliondoa neno la lawama, lenye maana kama ya mtoro, katika takwimu zake. Sasa wagonjwa hao huhesabiwa kuwa waliopotea katika ufuatiliaji. Tofauti ni kubwa: mtoro hukamatwa, aliyepotea hutafutwa.

Basi nawaomba tutafutane. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, mkumbushe dawa zake kila siku na umwekee chakula. Jirani, mchangie nauli ya siku ya kliniki. Mwajiri, mpe ruhusa bila kumkata mshahara, na umhifadhie kazi yake. Mhudumu wa afya, mgonjwa anaporudi mkaribishe kwanza. Ukimkaripia mbele ya foleni, hutamwona tena. Viongozi wa kaunti, wawezesheni wahamasishaji wa afya ya jamii kufika mlango kwa mlango, kwa sababu wao ndio wanaojua nani hajaonekana wiki hii.

Nawe uliyeacha dawa, rudi. Usijianzishie mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini; nenda kituoni upimwe upya, wakupangie matibabu yanayokufaa. Useme kweli kilichokuzuia, iwe njaa, nauli au aibu, ili usaidiwe hapo hapo. Ukiona kwenda peke yako ni kugumu, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Na wewe msomaji utakayeombwa kusindikiza, tafadhali usikatae.