Raketi Nyepesi Si Hisani

Muuzaji hakuniuliza nachezaje. Aliutazama mkono wangu, akatabasamu, akashusha raketi ya zambarau kutoka ukutani. "Chukua hii, dada. Nyepesi kama unyoya. Hizo nyingine zitakuchosha." Kocha aliyekuwa akitufundisha Jumamosi alikubaliana naye. Nikalipa. Miezi minne baadaye sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji kwa mkono wa kulia, na kocha yule yule akaniambia kiwiko kinauma kwa sababu sina nguvu.

Nimeitafakari kauli hiyo muda mrefu. Leo naijibu.

Raketi ile ilikuwa na gramu 255 kabla ya kufungwa nyuzi. Mpira wa tenisi, kwa kanuni, una gramu 56 hadi 59.4. Vikigongana hakuna miujiza: kadiri kitu kilivyo chepesi ndivyo kinavyosukumwa zaidi. Mpira ukija kwa kasi, raketi nyepesi inarudishwa nyuma na kujipinda kiganjani. Ili isijipinde unaukaba mpini, na mtikisiko unapanda hadi kwenye kiwiko. Raketi nzito zaidi humeza sehemu kubwa ya mtikisiko huo yenyewe. Tena ukitaka mpira wako ufike mbali kwa raketi nyepesi, itabidi uizungushe kwa kasi zaidi, pigo baada ya pigo, saa nzima. Kazi iliyoondolewa kwenye raketi haikupotea. Ilihamishiwa begani kwangu.

Waliowahi kutwanga wanalijua hili. Mchi mzito ukishaunyanyua, unashuka na kufanya kazi wenyewe. Mchi mwepesi unakudai uunyanyue, kisha uusukume.

Lakini gramu peke yake hazisemi yote. Shika nyundo kwenye mpini, uizungushe. Sasa igeuze, ushike kichwa chake, uizungushe tena. Mizani itasoma namba ile ile, ila mkono utakataa kwamba ni kitu kimoja. Swali ni uzito umeegemea wapi. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, na nusu yake ni kama 34. Ilaze juu ya kidole. Ikitulia kwenye sentimita 32 kutoka mwisho wa mpini, uzito umeegemea mkononi, na kichwa kitageuka upesi ukiwa karibu na wavu. Ikitulia kwenye 36, uzito umepanda kichwani. Bandika gramu 5 za risasi kwenye mpini, hutazihisi sana. Zibandike kwenye ncha ya kichwa, utadhani umebadilishiwa raketi.

Yangu ilitulia kwenye 36. Ndivyo zilivyo nyingi za aina yake: ili zisishindwe kabisa na mpira, uzito mdogo uliobaki husogezwa kichwani. Unauziwa unyoya wenye jiwe nchani.

Wapo watakaosema nawachochea watu waumizwe na raketi nzito. Hoja hiyo ina ukweli. Raketi iliyokuzidi inakuchelewesha, na anayechelewa kuupiga mpira ataumia kiwiko vile vile. Mtoto wa miaka minane apewe raketi fupi ya kimo chake. Wala simwambii mtu abebe karibu gramu 400 kama Pete Sampras. Ninachopinga ni kupima uzito kwa jicho, na jicho lenyewe likaishia kwenye jinsia. Mwaka 1957 Althea Gibson, mwanamke mweusi kutoka Marekani, alitwaa taji la Wimbledon kwa raketi ya mbao, na raketi za mbao za enzi zile kwa kawaida zilipita gramu 350. Wapinzani wake wote walicheza na mbao. Mikono ya wanawake haijasinyaa tangu siku zile.

Aliyenifumbua macho ni kijana anayeokota mipira pale tunapochezea. Aliniazima raketi yake ya mtumba, rangi imebanduka, mpini umezungushiwa utepe wa baiskeli. Tuliipeleka kwenye mizani ya muuza dagaa: gramu 331 pamoja na nyuzi. Kwenye kidole ilitulia karibu na 32. Wiki ya kwanza nilichelewa kila mpira. Ikanilazimu nianze kuvuta mkono nyuma mapema, jambo ambalo kocha alikuwa amelihubiri bila mafanikio. Wiki ya tatu mpira ukaacha kunisukuma. Sitasema raketi pekee ndiyo iliyoniponya, kwani nilipumzika na kufanya mazoezi ya tiba. Lakini nilipewa kitu cha kukua nacho, na nikakua.

Mwaka huu, niliposema nataka tasnifu yangu ya uzamili iwe na takwimu, mtu anayenitakia mema alinishauri nitafute mada nyepesi nimalize mapema. Sauti ile niliitambua. Ilikuwa ya dukani.

Kwa hiyo, makocha na wauzaji, leteni raketi tatu zenye uzito tofauti. Mwacheni mtu apige mipira kwa kila moja dakika ishirini. Asizipunge hewani tu dukani, maana hewani kila nyepesi ni tamu. Kisha muulizeni: ipi ilikuchelewesha, ipi ilisukumwa na mpira, mkono ulianza kuchoka wapi? Hapo achague. Akichagua nyepesi, sawa, amechagua mwenyewe.

Ile ya zambarau bado iko chini ya kitanda changu hosteli. Kwa kuua mende, lazima nikiri, uzito wake unafaa kabisa.