Karani wa Probesheni Si Mtu wa Kuleta Chai

Tukisikia "kazi ya korti" tunawaza hakimu na wakili. Karani wa ofisi ya probesheni? Hakuna anayemposti.

Sasa skia. Msee akipatikana na hatia, korti inaweza kuitisha ripoti kabla ya hukumu: anaishi wapi, familia inasemaje, aliyekosewa anasemaje. Afisa ndiye huenda mtaani kuuliza. Lakini lazima mtu afungue faili, achape ripoti, ahakikishe imefika kortini. Isipofika, kesi inasongeshwa, na kama msee hana dhamana, anarudi rumande. Karatasi tu imekwama kwa meza!

Tangu sheria ya 1998, hakimu anaweza kukupa kazi za jamii badala ya kifungo cha miaka 3 ama chini. Poa. Lakini bila rekodi safi, utathibitishaje ulizimaliza?

Kila siku tunalia jela zimejaa, na hakuna anayeuliza kama ofisi hizi zina makarani wa kutosha. Na usiniambie ukarani ni kazi ya waliofeli. Mimi niliacha chuo, najua kudharauliwa. Kuchapa bila makosa na kutunza siri za watu ni kipaji.

Ungekuwa rumande leo, ungetaka faili yako ishikwe na nani?